Taa Iliyo Nyuma ya Mashine Yako

Hell-Ville, Nosy Be, baada ya alasiri

Mwanangu Anziza,

Salamu nilikupa asubuhi tulipokutana mlangoni mwa bafu, na kesho utazipata nyingine gatini kabla hujapanda boti ya Ankify, kwa hiyo hapa naziruka. Naruka pia habari za njiani, za chakula, za kufunga begi na za kuchagua marafiki. Hizo mama yako amekuwa akizisema tangu Jumatatu, na alizosahau atakuwa anazisema shangazi yako, ambaye umekwenda kumuaga na najua hatakuachia kabla ya magharibi. Nina basi saa mbili hivi za kukaa peke yangu mbele ya kompyuta hii, na nina jambo moja la kukuambia. Naliweka hapa mwanzoni nisije nikalizunguka mpaka karatasi zikaisha. Mwaka jana, siku ile ya mwisho ya kuthibitisha jina lako chuoni Mahajanga, laini ya simu haikukatika. Ni mimi niliyeizima mashine.

Ukifika hapo utataka kunyanyuka. Kaa kidogo.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu mbili. Ya kwanza unaijua. Katika nyumba hii tunagombana kwa Kimalagasi, tunajaza fomu kwa Kifaransa, na Kingazija tunakitoa siku za harusi pamoja na mikeka mizuri. Kiswahili nilikuja nacho kutoka Dar es Salaam ndani ya sanduku la vitabu, na mama yako mpaka leo hukiita lugha ya sandukuni. Ni wewe peke yako uliyekubali kufundishwa. Kaka yako Nassuri alikimbia wiki ya pili. Kwa hiyo nikitaka kusema nawe bila mtu wa tatu, hii ndiyo lugha yetu. Sababu ya pili nitaisema mwishoni.

Nianze na waya. Intaneti ilipofika nyumbani, laini ya simu ilikuwa ikiingilia dirishani kwangu, basi modemu ikawekwa mezani kwangu na kuchomekwa kwenye mashine yangu. Wewe ulikuwa na ile kompyuta nyeupe niliyoiunda kutokana na mbili zilizokufa, chumbani kwako, upande wa pili wa ukumbi. Ukaniuliza kama mashine mbili zinaweza kula sahani moja. Nikakujibu kwa majivuno ya fundi aliyetengeneza redio miaka saba Kariakoo: waya mmoja tu, kesho jioni utakuwa tayari.

Ilichukua siku nne. Nilitoboa ukuta, nikapitisha waya juu ya mlango, nikabana ncha zake kwa mkono wangu, nyuzi nane kila upande, rangi kwa rangi, chungwa mahali pa chungwa na kijani mahali pa kijani, zimenyooka kama safu za msikitini. Na hakuna kilichopita. Nikakata, nikabana upya. Nikalaumu waya, nikalaumu kadi ya mtandao, nikalaumu unyevu wa kisiwa hiki. Mama yako akapita na kikapu chake cha sokoni akasema, "Baba Anziza, hata bi harusi hapambwi mara nne." Siku ya nne ukaja wewe na karatasi uliyoinakili kwenye duka la intaneti mjini. Mashine mbili zikiunganishwa moja kwa moja, nyuzi za kusemea za hii lazima zifike kwenye nyuzi za kusikilizia za ile. Upande mmoja rangi zipishane. Mimi, kwa unadhifu wangu wote, nilikuwa nimeunganisha mdomo na mdomo, sikio na sikio. Ulicheka mpaka ukaketi sakafuni.

Nilipozipishanisha rangi, taa ndogo ya kijani ikawaka nyuma ya mashine yako. Nikaivuta meza, nikakumulikia kwa tochi, nikakusomesha kama nilivyosomeshwa mimi na fundi wangu. Laini ya simu ikikatika, nilikuambia, taa hii haitajali, itaendelea kuwaka, kwa sababu yenyewe inaangalia waya wetu tu, haina habari na dunia. Itazimika kwa mambo mawili: waya wetu ukikatika, au mashine yangu ikizimwa. Ukarudia maneno yangu, neno kwa neno, na mimi nikafurahi kwamba nina mwanafunzi.

Basi tukaishi hivyo. Kila kitu chako kilipita kwangu. Yangu ikiwaka, yako ilikuwa na macho. Yangu ikilala, yako ilikuwa kipofu. Ulikwisha kusikia kwamba kuna kisanduku kidogo cha kugawia, ruta, ambacho kingeliwezesha kila mtu kupata intaneti bila kumtegemea mwenzake. Nikakuambia kwamba hiyo ni anasa, mafundi wa kweli hawahitaji. Sikusema kweli. Kweli ni kwamba nilipenda kukusikia ukigonga. "Baba, umewasha?" Nami nikajibu, "Nimewasha, mwanangu, pita," kana kwamba intaneti ni chumba na mimi ndiye mwenye nyumba. Siku nyingine niliizima bila sababu yoyote, nikakaa na gazeti langu nikingoja. Mtu akifika umri wangu, na watoto wameanza kujipikia chai wenyewe, kuombwa kitu ni utamu. Nilikuwa nimeusahau utamu huo, ingawa niliuona zamani kwa mtu mwingine nikauchukia.

Mtu huyo ni bibi yangu, Koko, aliyenilea Mahajanga. Habari zake nimekupa vipande vipande, na vipande hivyo nilivichagua. Leo nakupa kipande nilichokificha.

Tulikaa mtaa wa Mahabibo, ua mmoja wenye nyumba tatu na bomba moja la maji. Bomba lilikuwa la Koko. Alilifunga kwa kufuli, na ufunguo aliutungika shingoni kwa uzi mweusi, pamoja na hirizi yake. Hakuwahi kumnyima mtu maji, nataka umjue hivyo. Ila alitaka aombwe. Kila asubuhi watu wa ua walisimama na ndoo zao: "Koko, utufungulie." Naye akatoka polepole, akajifanya anatafuta ufunguo ulio shingoni mwake.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mwanamke wa Kimalagasi, Neny Soa. Neny, ndivyo watu wa huku wanavyomwita mama, nasi sote tulimwita hivyo. Alikuwa mtu wa Boanamary, kule kwenye mdomo wa mto, na kazi yake ilikuwa kufua nguo za watu. Maji kwake yalikuwa ndiyo kazi. Mwaka mmoja yeye na Koko waligombana juu ya kuku, na Koko akawa anachelewa kuamka. Siku tatu alichelewa. Neny Soa akaenda kuteka maji kwenye bomba la barabarani, mbali, akarudi na ndoo kichwani akipita mbele ya mlango wetu kabisa, na kila akipita aliimba kwa nguvu, ili Koko ajue kwamba hajafa kwa kiu. Siku ya nne kufuli likafunguliwa kabla ya alfajiri, na kuku hakutajwa tena.

Ghasia zilipokuja mjini, wakawa wanatafutwa majumbani watu wa asili yetu ya Komoro, watu waliokuwa wakiuziana mkate na hao hao waliowatafuta. Sitaandika yale niliyoyaona. Nitaandika la Neny Soa. Alikuja kwa nyuma, akatuvuta ndani kwake mimi na Koko, akatulaza sakafuni na kutufunika kwa marundo ya nguo za wateja wake. Siku mbili tulikuwa chini ya nguo zile. Wanaume walipokuja mlangoni wakamuuliza nani yuko ndani, nilimsikia akiwajibu kwa sauti yake ile ile ya kuimba na ndoo: "Humu mna nguo chafu za watu. Mnataka kuja kufua?" Wakacheka. Wakaenda nyumba ya pili.

Kisha tukapelekwa bandarini pamoja na wengine, tukapandishwa meli ya Komoro. Koko hakulia kwa ajili ya nyumba, wala kwa vitanda vyake, wala kwa cherehani. Meli ilikwisha kuondoka alipojishika shingoni. Ndipo alipolia. Aliniambia, "Bomba nimelifunga. Neny Soa atapata wapi maji?"

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Hilo nililichukua nikalifungia mahali, na juu yake nikarundika mambo mengine, kama nguo zile. Koko alizikwa Moroni. Mimi nikaenda Dar es Salaam, nikajifunza redio na kusoma vitabu, na siku moja nikajikuta nataka kusikia tena Kimalagasi kikigombana sokoni. Nikaja Nosy Be. Nilijiambia kwamba ni kwa sababu ya kazi. Ni kwa sababu Nosy Be ilikuwa karibu kiasi cha kutosha, na mbali kiasi cha kutosha. Nikampata mama yako, nikawapata ninyi. Mahajanga sikurudi hata mara moja, na mlipouliza kukoje niliwaambia kuna joto na watu wake wana maneno mengi.

Sasa urudi kwenye mashine.

Uliniambia kwamba unaomba nafasi ya masomo Antsiranana, ukae kwa dada yangu mwingine. Nikaridhika. Printa, unakumbuka, ilikuwa mezani kwangu. Chochote ulichotaka kuchapa kilipita kwenye waya wetu na kutokea mbele yangu. Asubuhi moja nilikuwa nimeketi na redio ya mtu, printa ikaamka yenyewe, ikavuta karatasi, ikatoa fomu. Juu yake Mahajanga, chini yake jina lako. Niliisoma nikiwa nimesimama. Nikaikunja mara mbili, nikaivusha ukumbi, nikaiweka mezani kwako chini ya kikombe. Ulikuwa umeketi hapo hapo.

"Ahsante, Baba."

"Karibu."

Basi, hayo tu. Mdomo na mdomo, sikio na sikio. Sasa nimeelewa kwamba ulijua karatasi ile itatokea wapi. Ulikuwa huwezi kuniambia kwa mdomo, ukaniambia kwa printa, ukangoja nikuulize. Sikukuuliza.

Siku ya mwisho ya kuthibitisha ulikwenda kupiga picha mjini, ukasema ukirudi utaituma pamoja na barua kabla ofisi yao haijafungwa. Nilikuwa chumbani kwangu. Nikasikia geti. Mkono wangu ukaenda ukutani ukachomoa plagi. Sikulipanga jambo hili, lakini sitakudanganya kwamba mkono uliteleza. Mkono ulijua unakwenda wapi.

Uligonga. "Baba, umewasha?"

"Laini imekufa."

Nikakusikia chumbani kwako ukiisogeza meza kutoka ukutani. Kisha kimya. Kimya kirefu, na mimi nikidhani unatafuta waya uliolegea. Kisha ukapita ukumbini mbio, viatu mkononi, kuelekea duka la intaneti. Nilirudisha plagi ulipokwisha kupinda kona. Mashine ikaamka kwa uvivu wake, na mimi nimeketi nikiiangalia. Ningaliweza kutoka nikakuita. Ulikuwa hujafika hata kwa muuza mkate. Nilikaa. Katika yote niliyoyafanya siku ile, kukaa kule ndiko kunakonirudia.

Duka lilikuwa limefungwa, mwenyewe amekwenda mazikoni. Lilipofunguliwa, ofisi ya Mahajanga ilikwisha kufunga orodha. Ukarudi, ukala, ukaosha vyombo.

Na mimi, ili uongo uwe na miguu, kesho yake nikakuchukua mpaka ofisi ya simu kulalamika. Hilo hunifanya nifunike uso hata nikiwa peke yangu. Karani aliipima laini yetu mbele yetu, akasema ni nzima na jana ilikuwa nzima. Nikamwambia mimi ni fundi tangu yeye hajazaliwa. Akasema, "Ndiyo, mzee, lakini laini ni nzima." Nikapandisha sauti. Wewe ulisimama pembeni ukiangalia kalenda ya ukutani. Ulikuwa ukiangalia kitu chochote isipokuwa mimi.

Jumanne iliyopita nilikwenda kwa karani yule. Nilimwambia kwamba mwaka jana nilimgombeza kwa kosa langu mwenyewe. Alinikumbuka. Akaniambia, "Mzee, watu wote wanaokuja hapa huja kutulaumu. Wewe ndiye wa kwanza kuja kutusafisha," na akamwita mwenzake wa chumba cha nyuma aje kuniona, kama mtu anayeonyesha samaki wa ajabu. Tulikunywa kahawa. Nilianza na yeye kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kuanza na wewe.

Mwaka ule ulikwenda kufanya kazi mapokezi, hoteli ya Ambatoloaka. Uliondoka asubuhi na kurudi jioni na habari za wageni, ukawaigiza, mama yako akacheka hadi kufuta machozi. Sikukuona ukinung'unika. Nami nikaanza kujiambia kwamba pengine ni heri, kwamba msichana amekomaa, kwamba Mungu hupanga. Usiniruhusu kusema hivyo tena. Mwaka ule ulikuwa wako, nami niliuchukua. Kwamba uliutumia vizuri ni sifa yako, hainipunguzii kitu.

Kisha ukaja na mfuko wa mkate, na ndani yake, chini ya mkate, kisanduku cheusi chenye vumbi. Hoteli walikuwa wamenunua kipya, hicho wakakitupa, ukakiomba. Ruta. Siku yako ya mapumziko ulihamisha laini ya simu kutoka dirishani kwangu mpaka ukumbini, ukakipigilia kisanduku ukutani juu ya rafu, na kutoka hapo ukapeleka waya kwako, waya kwangu, na wa tatu sebuleni kwa Nassuri. Printa nayo ukaihamishia kwenye rafu. Kazi yangu ilikuwa kushika tochi. Tulipofika nyuma ya mashine yako uliinama, ukaangalia, ukasema bila kuinua sauti:

"Baba, tazama taa. Laini ikikatika haizimiki. Huzimika mashine ya upande wa pili ikizimwa. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Nikainama na tochi, nikatazama. Kisha ukasema, "Sasa yako unaweza kuizima wakati wowote unaotaka. Sisi tutapita."

Nilisema, "Vizuri." Neno hilo moja. Mama yako, ambaye hakujua tunazungumza nini, alikuwa mlangoni na sahani ya ndizi, akasema, "Leo bawabu amestaafu," na tukacheka wote watatu, na mimi nikacheka kwa nguvu kuliko wote.

Kwa hiyo ulijua. Ulijua tangu ulipoisogeza meza siku ile, ndani ya kimya kile kirefu. Ulijua ulipokimbia na viatu mkononi, na ulijua ofisini mbele ya kalenda. Ulikaa na jambo hilo miezi saba chini ya paa moja nami, ukanimiminia chai, na ulipolisema ulilisema kwa namna ambayo ningeweza kujifanya sikusikia. Ndivyo nilivyofanya. Ndiyo maana barua hii. Wewe ulikwisha kujua, lakini mimi nilikuwa sijakuambia, na kujulikana na kusema ni mambo mawili. Nisamehe, Anziza. Nimekuandikia kurasa nyingi ili nifike kwenye neno hilo, nawe ungeweza kulifikia kwa mstari mmoja.

Baada ya ruta kuwekwa nilidhani nyumba itakuwa kimya. Hakuna tena wa kugonga, maana hakuna kinachopita kwangu. Nilijiandaa kuwa mzee asiyeombwa kitu. Haikupita wiki mbili ukagonga. Nikajibu kwa mazoea, "Nimewasha." Ukafungua mlango ukiwa na kikombe: "Najua umewasha. Nimeuliza kama unataka kahawa." Sikuwa nimesikia ukiuliza. Ulikaa kwenye stuli yangu ya kazi, ukaniuliza redio ile ina ugonjwa gani, na tukakaa hapo mpaka adhana. Tangu siku hiyo unakuja karibu kila siku. Miaka mitatu nililinda mlango ili usikose kuja, na kumbe ungekuja tu.

Mwaka huu fomu hukuichapa kwanza. Ulikuja nayo mkononi ukasema, "Mahajanga, Baba," ukanitazama. Nilitia sahihi mahali pa mzazi. Mkono wangu, mkono ule ule, uliandika vizuri kuliko siku nyingi. Nimekuwa na furaha tangu hapo, nataka uondoke ukilijua hilo. Mama yako anadhani naficha huzuni. Hapana. Ni furaha yenyewe, ila imechelewa, ndiyo maana inatembea polepole.

Umeniambia kwamba chumba mtakaa wasichana wanne na laini ni moja, nawe ndiwe mwenye mashine bora, na wenzako wamekwisha kukuandikia kwamba laini ichomekwe kwako na wao wapitie kwako. Nimekuwekea ruta yetu ya zamani ya Ambatoloaka ndani ya begi la bluu, imefungwa kwenye taulo. Sisi hapa nimetununulia nyingine. Itundike mahali ambapo si kwa mtu. Na nimekuwekea nyaya nne nilizozibana mwenyewe, zote zimepimwa. Hizi hazipishani rangi, za ruta hazihitaji. Usije ukaniita fundi mbovu. Siku utakapokasirikiana na mmoja wao, na itakuja, nami nakujua ulivyo, ugomvi uwe wa maneno. Maji yaache yapite.

Na nina ombi moja. Tulipokuwa Moroni, Koko alimpata mtu wa meli aliyekuwa akienda Mahajanga, akampa ule ufunguo pamoja na uzi wake, ampelekee Neny Soa. Mtu yule hatukumwona tena. Koko alikufa hajui. Najua ni miaka thelathini, na najua kufuli la bomba mtu hulivunja kwa nyundo asubuhi moja tu. Lakini nilisikia kwamba Neny Soa alirudi kwao Boanamary alipozeeka. Ukipata siku ya mapumziko, nenda. Uliza watu wa ukoo wake. Yeye mwenyewe simtarajii. Ukimkuta binti au mjukuu, mwambie wewe ni wa nyumba ya bomba. Mshukuru kwa nguo chafu, atakuelewa au hataelewa. Kisha muulize kama ufunguo ulifika. Jibu lolote litanitosha. Na ikiwa utasema, Baba, kwa nini usije ukauliza mwenyewe, nitakujibu kwamba nalifikiria. Mwaka jana nisingejibu hivyo.

Sasa sababu ya pili ya Kiswahili. Printa iko ukumbini, mahali ambapo kila mtu anapita, na barua hii itatokea hapo. Nikiandika kwa Kimalagasi, Nassuri ataisoma kabla yako akiwa na mkate mdomoni. Kwa lugha ya sandukuni, wataona karatasi tu.

Nasikia geti. Nasikia shangazi yako bado anaongea kutoka barabarani, na wewe unajibu ndiyo, shangazi, ndiyo, shangazi. Umeingia ukumbini, unavua viatu. Nitabonyeza sasa. Karatasi zitatoka mbele yako moja baada ya moja, kama yako ilivyotoka mbele yangu, na safari hii aliyechapa anangoja aulizwe. Soma polepole. Ukimaliza unaweza kugonga, au unaweza kwenda kulala, kesho una safari. Gatini nitakuja kwa vyovyote vile.

Mlango nimeuacha wazi. Ukiwa na shaka, sogeza meza utazame taa: siku hizi hainingoji niwashe.

Baba yako